Kidole cha Bwana Kilele

Shemeji yangu alisimama mbele ya watu ishirini na wawili, akaninyooshea kidole, akasema mimi nimeua utumbo.

Nimeua utumbo! Na utumbo wenyewe ulikuwa kipande kisichozidi urefu wa kidole gumba, kilichotolewa asubuhi ile ndani ya mnyama ambaye tayari alikuwa marehemu. Watu husingiziwa wizi, husingiziwa uchawi, husingiziwa mimba. Mimi peke yangu duniani nimesingiziwa kuua kitu kilichotoka kwa maiti.

Kikumbuke hicho kidole alichoninyooshea. Tutakirudia.

Aliyenisingizia ni mdogo wa mume wangu. Nimemlisha huyo, nimemfulia sare za shule, nimempigia pasi kola, wakati mimi mwenyewe shule niliijua kwa kupita nje ya ua wake. Kusoma na kuandika nimejifunza juzijuzi, ukubwani. Mwalimu alipouliza kila mmoja angependa kuandika nini kwanza, wenzangu walisema barua, wengine majina ya wajukuu. Mimi nilisema: malalamiko. Ndiyo haya.

Mimi ni mwosha vyombo katika maabara ya dawa, mwaka wa kumi na moja sasa. Shemeji ni mtafiti humo humo. Ana shahada tatu, na zote tatu huzitaja kabla hujamaliza kumwamkia. Kazini wanamwita Bwana Kilele, kwa sababu ambayo nitaieleza nikieleza kazi yenyewe. Na lazima niieleze, maana bila hivyo hutaona nilivyoonewa.

Watu wa pale hupima nguvu za dawa. Wanachukua kipande cha utumbo wa simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, mnene kama panya aliyeajiriwa ghalani. Wanakifunga uzi juu na chini, wanakining'iniza ndani ya kijitungi cha kioo chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, na hewa inapulizwa chini yake ikitoa mapovu. Kijitungi hicho wanakiita bafu. Utumbo ukishawekwa bafuni husahau kabisa kwamba mwenyewe amekufa. Unaishi saa nyingi humo, umejinyoosha kama mgeni aliyepewa chumba kizuri. Uzi wa juu umeunganishwa na kalamu. Utumbo ukijikunja, kalamu inapanda kwenye karatasi inayotembea.

Ndani ya utumbo kuna vipokezi. Fundi wa mitambo, mtu mpole asiye na shahada ya kutaja, aliniambia nivifikirie kama viti. Dawa ya kuamsha ikikaa kitini, utumbo unajikunja. Unatia tone dogo, kalamu inapanda kidogo. Unaosha, unauacha upumzike, unatia mara mbili yake, kalamu inapanda zaidi. Unaosha tena. Hivyo hivyo, mpaka mahali ambapo hata ukimimina ndoo kalamu haipandi tena. Hapo ndipo kilele. Alama zote ukiziunga unapata mstari kama kilima, na kwa kilima hicho wanajua dawa ina nguvu kiasi gani.

Halafu kuna dawa ya kuziba. Hii inakaa kitini, basi. Haifanyi lolote. Imekaa tu kama mjomba aliyekuja kusalimia akabaki miezi mitatu. Dawa ya kuamsha ikija inakuta kiti kina mtu. Ili ipate pa kukaa, lazima ije na umati wa wenzake, wamsukume mjomba.

Sasa uone nafasi yangu. Kazi yote hiyo inasimama juu ya kuosha. Chembe ya sabuni ikibaki kwenye kioo, utumbo unakufa kweli kweli. Mwosha vyombo akiacha sabuni, hana kazi. Sheria hiyo ilibandikwa ukutani, na mimi, nisiyejua kuisoma, ndiye niliyeishika kuliko walioiandika. Nilisuuza mara saba kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji ya mvuke, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji safi. Miaka kumi na moja, hata chembe!

Shemeji alipenda neno kilele kuliko alivyopenda chakula. "Nimefika kilele!" alikuwa akipaza sauti, na watu wa ofisi ya pili wakafikiri kumezaliwa mtoto.

Basi siku moja nyumbani nikagundua kitu. Shemeji naye ana vipokezi! Vya sifa!

Nikaamua kumpima. Alikuwa sebuleni. Nikatia dozi ndogo: "Shemeji, leo umependeza." Akakohoa kidogo. Nikasubiri. Kisha nikamwosha, yaani nikamwambia taka zimejaa, akazimwage. Aliporudi nikatia mara mbili: "Shemeji, hata majirani wanasema umependeza." Akarekebisha tai. Nikamwosha: nikamwambia suruali imefumuka nyuma. Mara nne: "Shemeji, nchi ingekuwa na kumi kama wewe tungekuwa mbali." Akasimama, akatembea sebule nzima mikono nyuma kama anayekagua gwaride. Mara nane: "Shemeji, ulimwengu mzima unakusubiri wewe." Akatembea vile vile, mikono nyuma vile vile. Hapakuwa na zaidi. Viti vimejaa. Kilele!

Na dawa ya kuziba ninayo ndani ya nyumba: mume wangu. Yeye hasemi kitu. Anakaa tu kwenye kiti cha pembeni, anamtazama mdogo wake kwa jicho la mtu anayekumbuka nani alikojoa kitandani mpaka akiwa na miaka kumi na mmoja. Mume wangu akiwepo, sifa za kawaida hazifui dafu. Inabidi nizidishe mara kumi ndipo shemeji aguse tai.

Sasa twende kwenye siku ya balaa.

Maabara ilitarajia wageni, watafiti wa kutoka kila upande, wakiongozwa na bibi mmoja mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni. Wakubwa wote walimnyenyekea. Mimi nitamwita Mama Mgeni. Bwana Kilele ndiye aliyechaguliwa kuwaonyesha kazi, na mwishoni wangepiga picha ya kutundikwa ukumbini.

Picha! Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Picha ya mwaka uliopita ilimtoa shemeji macho nusu, kama mtu aliyepigwa picha katikati ya chafya. Iliwekwa ukumbini mwaka mzima. Safari hii aliapa atatoka na macho makubwa, yanayong'aa, macho ya mtu mwenye shahada tatu.

Wiki ile ile, nyumbani, chupa ya dawa ya macho ya mama mkwe ikapotea kwenye rafu.

Dawa hiyo nilikuwa nikimtilia mimi. Alipewa hospitali baada ya matibabu ya jicho. Tone moja tu, mboni ya mama mkwe inatanuka kama kifungo cha koti. Alilalamika mwanga wa dirisha unamchoma, na tundu la sindano haoni. Muuguzi alinionya mara mbili: "Mama, ukimaliza kumtilia, nawa mikono." Nikawa nanawa. Ilipopotea niliuliza nyumba nzima, na shemeji ndiye aliyenisaidia kutafuta kwa bidii kuliko wote. Alitafuta mpaka chini ya kitanda! Ningejua hapo.

Asubuhi ya wageni nilimkuta kwenye ushoroba wa maabara, ameinua uso juu, mdomo wazi, kidole kinapapasa kope. Nikadhani anaomba. Nikampisha kwa heshima.

Akaingia ndani amekunja uso. Nikamwambia, "Shemeji, sinki hili hapa, nawa."

"Usinicheleweshe, shemeji. Mikono yangu ni ya kisayansi."

Fundi alikuwa ametayarisha mabafu mawili, la kwanza la maonyesho na la pili la akiba. Akamletea kibano cha kushikia utumbo. Bwana Kilele akakisukuma. "Leo natundika mwenyewe." Akatundika kwa vidole vitupu! Akapapasa uzi, ukamponyoka, akapapasa tena, vidole vimezama bafuni mpaka kiungo cha pili. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Kisha akaniinamia, sauti chini kabisa. "Shemeji, chupa ya kuamsha ni ipi?"

"Si hiyo mbele yako? Imeandikwa."

"Naona imeandikwa. Nakuuliza wewe."

Mimi herufi sikuzijua, kwa hiyo chupa zangu niliziwekea nyuzi: mweupe ya kuamsha, mwekundu ya kuziba. Nikampa ya uzi mweupe. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali tena kama mtu anayepiga tarumbeta. Basi asubuhi ile maabara ilikuwa na watu wawili wasioweza kusoma, na mmoja wao alikuwa na shahada tatu.

Wageni wakaingia, ishirini na wawili na Mkuu wa maabara akiwa kati yao. Mkuu ni mtu mwema, ila akiona wageni hutoka jasho.

"Mabibi na mabwana!" akaanza Bwana Kilele, mgongo kaupa dirisha kwa sababu mwanga ulimchoma. "Utumbo huu unanitii mimi. Nikisema panda, unapanda!"

Akatia dozi. Kalamu ikalala.

"Unatafakari," akasema.

Akatia mara mbili. Kalamu imelala, inachora mstari ulionyooka kama barabara ya jangwani.

"Unaona haya. Wageni ni wengi."

Mtu akacheka nyuma. Akatia mara nne, mara nane. Akagonga kioo. Akaubembeleza utumbo, akaukaripia, nusura aupigie magoti. Kalamu haikutikisika.

Ndipo akageuka, akaninyooshea kile kidole.

"Sabuni!" akapiga kelele. "Mnamwona huyu? Hajui hata herufi moja. Yupo hapa kwa huruma yangu tu, kwa sababu ni mke wa kaka yangu. Ameacha sabuni kwenye bafu. Ameua utumbo wangu!"

Kwa huruma yake! Mimi nilikuwa nasuuza vioo pale wakati yeye bado anatafuta shahada ya pili.

Mkuu akajifuta jasho. "Mama," akaniambia bila kunitazama, "naomba koti."

Nikavua koti jeupe. Nilianza na mkono wa kulia, nikamalizia wa kushoto, na miaka kumi na moja ikaishia hapo. Sikulia. Nilimtazama shemeji, naye alikuwa akimtazama fundi akidhani ni mimi.

Nimefika mlangoni nikasikia, "Ngoja, mwanangu." Ni Mama Mgeni. "Vyombo unasuuza mara ngapi?"

"Saba kwa maji ya bomba, tatu kwa maji ya mvuke, mama."

"Kumi." Akavaa miwani yake. "Mimi nilianza kazi hii nikiwa mwosha vyombo. Nilikuwa nasuuza nane." Akamgeukia shemeji. "Daktari, utumbo uliokufa kwa sabuni unaweza kujikunja?"

"Hauwezi."

"Hata nikitia dozi kubwa namna gani?"

"Hata ukitia pipa!"

"Vizuri. Leteni pipa."

Fundi akaleta chupa ya dawa ya kuamsha iliyo kali, isiyochanganywa na maji. Mama Mgeni akavuta kwa sindano, akatia bafuni, akakunja mikono. Kwanza kalamu ililala. Kisha ikashtuka, ikapanda. Ikapanda tena! Ikapanda mpaka karibu itoke kwenye karatasi.

"Marehemu amefufuka," akasema fundi.

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa mtu mmoja.

"Sabuni ingeua," akasema Mama Mgeni. "Huyu hajafa. Viti vyake vilikaliwa na mtu, tumemsukuma kwa umati. Kwa hiyo swali si la sabuni. Nani katia dawa ya kuziba humu?"

Macho yote yakaiendea chupa ya uzi mwekundu. Ilikuwa rafuni na kifuniko chake kimezungushiwa utepe. Haikufunguliwa siku hiyo. Na hapo hapo wingu likaondoka, jua likaingia dirishani, shemeji akageuka, na mimi nikayaona macho yake. Mboni kama vifungo vya koti! Macho yale yale ya mama mkwe!

"Samahani, mama," nikasema. "Hebu muulize shemeji dawa ya macho ya mama mkwe iko wapi."

"Shemeji!" akafoka. "Mambo ya nyumbani tusiyalete kazini!"

"Umeniita mke wa kaka yako mbele ya wageni. Nyumbani umepaleta wewe."

Mama Mgeni akamsogelea, akamwinua kidevu kama anayekagua mbuzi, akammulika na kurunzi. "Ametiliwa dawa gani huyo mkweo?"

"Ya kutanua mboni. Muuguzi aliniambia ukimtilia unawe mikono."

"Muuguzi wako ana akili. Dawa hiyo na ile ya uzi mwekundu ni kitu kimoja. Daktari, ulinawa?"

Bwana Kilele akasema sayansi haiendeshwi kwa umbea.

"Kweli kabisa," akasema Mama Mgeni. "Inaendeshwa kwa kupima. Rudisheni koti. Huyu mama aoshe bafu la akiba, sote tukimwona."

Nikavaa koti. Fundi akauondoa utumbo wa akiba kwa kibano, akauweka pembeni kwenye maji yake. Nikaosha kioo, nikaanza kusuuza. Na wale wageni, watu wazima wenye mvi na vitabu, wakahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. "Moja! Mbili! Tatu!" Walipofika kumi, wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kwa kusuuza. Fundi akautundika tena. Tone dogo kutoka chupa ya uzi mweupe. Kalamu ikapanda kwa adabu zake. Tukaosha, utumbo ukapumzika.

"Sasa, Daktari," akasema Mama Mgeni, "chovya kidole."

"Mimi ni mtafiti! Siyo dozi!"

"Leo u yote mawili. Chovya."

Akachovya. Ah! Kidole kile kile alichoninyooshea! Tukangoja dakika tatu. Fundi akatia tone lile lile. Kalamu ikalala. Mara mbili, imelala. Mara nane, fofofo!

Kidole kimoja cha shemeji kilizima utumbo kuliko mume wangu anavyozima sifa.

Vicheko vilivyopigwa, hata vioo vililia rafuni. Bwana Kilele akakusanya karatasi zake, akainua kichwa, akasema kwa Kiswahili cha redio, "Naona hapa hapana mazingira ya utafiti." Akatembea kwa madaha kuelekea mlangoni, akafungua, akaingia, akafunga.

Ulikuwa mlango wa kabati la mafagio.

Tukasubiri. Hakutoka. Nadhani alikuwa akitafakari kama kile kipande cha utumbo. Mwishowe akatoka, kitambaa cha kudekia kimemwangukia begani, na kwa bahati mbaya ndipo mpiga picha akasema, "Wote tayari?" Mwanga wa kamera ukawaka, shemeji akafumba macho kama amemwagiwa pilipili.

Picha ile iko ukumbini. Wageni wamesimama, Mkuu na jasho lake, fundi anacheka. Katikati kuna mtu aliyefumba macho kwa nguvu, kitambaa begani. Na nyuma yake niko mimi, na koti langu, macho wazi.

Mkuu alinifunga vifungo vya koti kwa mikono yake, akasema mbele ya wote, "Samahani, mama, niliharakisha." Mkuu hana deni kwangu. Fundi hana. Mama Mgeni sina cha kumdai, ila mimi ndiye ninayemdai Mungu ampe maisha marefu.

Shemeji kwa siku tisa hakuweza kusoma. Alishika gazeti juu chini, akatikisa kichwa kwa kusikitishwa na habari. Sikumwambia. Kwa mume wangu alisema yale yote yalikuwa maonyesho, aliyapanga mwenyewe, na kidole kilikuwa sehemu ya mpango.

Basi nikaanza kumpima tena. Safari hii natafuta kipokezi cha samahani. Dozi ndogo: nilimwekea chakula kimya kimya. Kalamu imelala. Mara mbili: nilitundika nakala ya picha ile sebuleni. Imelala. Mara nne: nilimketisha mume wangu mbele yake, akamtazama kwa lile jicho lake jioni nzima. Akakohoa, nikainuka, nikadhani inapanda. Kumbe mfupa wa samaki.

Ninachomdai ni sentensi moja tu: "Shemeji, ulisuuza vizuri, kidole kilikuwa changu." Aiseme kwa mdomo wake, amesimama kando ya bafu pale pale aliponiita muuaji, na watu wale ishirini na wawili wakiwa wanasikia. Mama Mgeni ameandika kwamba watarudi mwakani, kwa hiyo asiniambie hana nafasi. Mdaiwa ni mdogo wa mume wangu, yule aliyefumba macho ukumbini.

Na chupa ya mama mkwe airudishe rafuni. Anawe mikono kwanza.